Wimbo Waliouita wa Amani

Ujumbe wa Trésor ulinikuta Bukavu, asubuhi, nikinywa chai. Aliandika hivi: "Sifa amekufa kule Kalemie. Wamemuzika tayari. Matanga iko kwa mama yake, Kimanga. Watu wanaomba ule wimbo wa amani, uwaletee ile safi ya kwenye mashine, hii ya kwenye simu imechoka." Nilisoma mara mbili, nikaweka simu kifudifudi mezani, na chai ikapoa. Trésor si mtu mbaya. Miaka yote hii amekuwa akiamini kwamba yeye na mimi tulifanya jambo jema mwaka ule, na mimi sikuwahi kumwambia kinyume chake. Ana duka la simu sasa, kichwa kimeota mvi kama changu, na kila tukikutana hunishika bega mbele za watu na kusema, huyu ndiye aliyemtoa Sifa. Ndivyo tunavyosema kwetu: kumtoa mwimbaji. Kumtoa wapi na kumpeleka wapi, hatusemi. Siku hiyo hiyo nilipanda gari la kushuka Uvira. Tulipopita Luvungi dereva aliweka muziki, nikamwomba azime. Aliniangalia kwenye kioo, akauliza kama ninaenda kwenye kilio. Nikasema ndiyo. Akazima, na abiria wote wakanyamaza hadi Luberizi kwa heshima ambayo sikuistahili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na chumba kimoja cha kupanga huko Kimanga, nyuma ya nyumba ya mjane aliyeuza makaa. Chumba kilikuwa na dirisha lililotazama mlima na mlango uliotazama ziwa, na mimi niliviziba vyote viwili. Ukutani nilipigilia magodoro ya sponji yaliyotupwa na hoteli moja, mengine yakiwa bado na madoa ya watu nisiowajua. Juu, chini ya mabati, nilitandika mablanketi na maboksi ya mayai. Mikrofoni ilikuwa moja, nimeivalisha soksi ya nailoni ili pumzi ya mwimbaji isiipige. Mashine, maana kompyuta tuliita mashine, ilikuwa imefunguliwa ubavu ipate hewa, na umeme wa mji ulipokatika, yaani karibu kila siku, ilikula betri ya gari. Mvua ikinyesha tulisimama, kwa sababu mabati yalipiga kelele kuliko mwimbaji. Jogoo wa jirani akiwika tulirudia. Feni haikuruhusiwa, na waimbaji walitoka humo wamelowa kama waliobatizwa sasa hivi. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya karibu, kama ya mtu anayekusemesha sikioni, na mjini hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Waliniita Injenia. Mwanzoni mwa kila wimbo nilibandika sauti yangu ikisema "Bya mu studio", Bya ikiwa kifupi cha jina langu, Byamungu, na nilipoisikia ikitoka kwenye simu ya mtu njiani, nilitembea kwa mwendo mwingine.

Kutoa wimbo, wakati ule, kulikuwa kazi ya siku moja. Nilimpelekea Trésor kwenye kibanda chake karibu na soko la Mulongwe, naye aliuweka kwenye kadi za simu za watu pamoja na nyimbo nyingine mia. Motari, wale wa pikipiki za abiria, walichukua wakapeleka Kavimvira, wanawake wauza dagaa, ndagala kwetu, wakapeleka Kalundu, wasafiri wakavuka nao mpaka Bujumbura. Baada ya wiki moja wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika. Hakuna aliyeweza kuurudisha. Jambo hili tulilijua, na tulilisema kwa majigambo.

Ukuta wa nyuma wa chumba changu ulipakana na uwanja wa Mama Amani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akiuza samaki wa mukeke wa kuchoma hadi moyo ulipoanza kumsumbua na munganga, yaani daktari, akamkataza moshi. Alikuwa na watoto wawili: Amani, mkubwa, aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa milima ya kusini, na Sifa, wa miaka kumi na tisa, aliyeimba korali ya kanisa lao. Mume hakuwepo tena. Aliyesimamia nyumba alikuwa shemeji yake, Ezekieli, ambaye watoto walimwita baba mdogo. Mama Amani aliona mimi ni kijana asiye na wa kumpikia. Mara nyingi adhuhuri alimtuma Sifa aniletee bugali na sombe, yaani kisamvu, kwenye bakuli lililofunikwa, na kwa kuwa Sifa alipenda kusikiliza, alikaa kwenye ndoo karibu na mlango nami nikila, ananiambia ni sauti gani imepotea njia. Alikuwa na masikio kuliko mimi. "Yaya Bya, ile ya pili iko chini kidogo," angesema, na nikirudi kuisikiliza, ilikuwa chini kidogo. Aliniita yaya, kaka mkubwa, na mimi nilipenda kuitwa hivyo.

Habari ya Amani niliipata kwa kusikia tu, kabla Sifa hajanieleza. Ilikuwa mwezi wa tatu, saa za alasiri. Nilikuwa nimevaa kaske, vile visikizio vya kazi yangu, masikioni na mikrofoni iko wazi, napima kelele za chumba, nikasikia watu wanaongea nyuma ya ukuta, pale ambapo sponji ilikuwa imebanduka. Ilikuwa sauti ya Ezekieli, na ya Sifa. "Shimo iliwaangukia watu sita," alisema Ezekieli. "Wamewazika kule kule. Nilifika, nikaonyeshwa kaburi, nikarudi. Sasa unisikilize. Mama yako hapana kumwambia. Munganga alisema moyo yake haitaweza. Akisha kupona, minye mwenyewe nitamwambia." Kisha Sifa akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na minye nitalia wapi?" Ezekieli akajibu, "Hutalia. Utaenda kumutengenezea mama yako chai." Niliondoa kaske masikioni taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wengine kwa makosa. Baada ya muda nilimsikia Mama Amani kutoka ndani ya nyumba akiuliza nani amekuja, na Ezekieli akijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: ni minye, Mama Amani, nimekuya kuwasalimia. Alimwita kwa jina la mtoto ambaye kaburi lake alikuwa ametoka kuliona. Mtaa mzima tulimwita hivyo, kila siku, asubuhi na jioni, na miongoni mwetu tayari walikuwapo waliojua.

Nimewaza sana juu ya Ezekieli. Hakuwa mkatili. Alimpenda shemeji yake na aliogopa kuwa yeye ndiye atakayemuua kwa maneno. Alisema atamwambia baada ya Pasaka, Pasaka ikapita. Alisema baada ya dawa mpya, dawa ikaisha. Uongo wa namna hii una siku yake ya kwanza tu ambapo bado ni huruma. Baada ya hapo unakuwa kazi, na kazi hiyo aliifanya Sifa. Mama Amani alikuwa na desturi: kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya ibada, alipakua chakula na kuweka sahani moja pembeni, amefunika na nyingine, kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu Amani alikuwa na tabia ya kufika bila kutangaza. "Huko kwenye machimbo simu haziingie," alisema. "Akikuya na njaa, atanilaumu." Jioni, chakula kikiwa kimelala, alimwambia Sifa akile kisiharibike. Na Sifa alikila. Nilimwona mara moja kupitia mlango wao, ameketi kwenye kigoda, anatafuna polepole huku mama yake akimtazama na kumwambia asile kwa haraka.

Mwezi wa tano alikuja chumbani kwangu bila bakuli. Ilikuwa asubuhi, korali ilikuwa imemaliza mazoezi. Aliangalia magodoro ukutani, akayabonyeza kwa kidole, akauliza: "Yaya Bya, hapa ndani muntu akilia, inje wanasikia?"

Nikamwambia hapana, pale palipobanduka nimekwisha kupaziba, hata ukipiga ngoma hawasikie.

"Basi minye niko na wimbo. Niwekee nisikie sauti yangu mwenyewe tu. Siyo ya kutoa."

"Siyo ya kutoa," nilisema. Nakumbuka nilirudia maneno hayo, na nakumbuka niliyarudia bila kumtazama, kwa sababu nilikuwa tayari nashughulika na nyaya.

Aliimba bila ala yoyote, amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Maneno yalikuwa machache. "Amani yangu, wamekulaza wapi? Udongo wa mulima iko na baridi. Mama anakuwekea sahani siku ya Mungu, minye ninakula, ninanyamaza." Kulikuwa na mafungu mengine mawili, kisha alirudi kwenye lile la kwanza, na katika neno "ninanyamaza" sauti ilikatika. Alinipungia mkono: zima. Akageuka, akaweka paji la uso kwenye godoro la ukutani na kulia kama sijawahi kusikia mtu akilia, kilio cha miezi miwili kilichokuwa kimefungiwa. Mimi nilikuwa nimevaa kaske. Niliona kwenye kioo cha mashine mstari wa sauti unaendelea kupanda na kushuka, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikuzima. Sitajitetea kwamba nilishikwa na huzuni, ingawa huzuni ilikuwepo. Nilisikia kitu ambacho mtu wa kazi yangu husikia mara moja maishani, nikaogopa kukipoteza. Alipomaliza alijifuta kwa kitenge, akanishukuru, akaondoka kwenda kupika. Alirudi mara nyingi baada ya hapo, kukaa tu ndani ya chumba kile nusu saa na kutoka na macho mekundu. Kila aliporudi nilitoka nje na kumwachia nafasi, na watu waliponiona nimesimama uani walidhani kuna kitu kati yetu. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimekwisha kuchukua nilichokitaka.

Kwa sababu wakati yeye anapika na kunyamaza, mimi nilikuwa najenga. Nilianza kwa kusema ni mazoezi. Niliweka gitaa chini ya sauti yake, polepole, kisha ngoma ya mbali, kisha mwishoni nikaondoa kila kitu na kuacha kile kilio kibaki peke yake sekunde chache. Ulikuwa wimbo bora kuliko wote niliowahi kugusa, na hata sasa, baada ya mamia, sijaufikia tena. Mwezi wa nane Trésor alikuja kuchukua kazi nyingine, akaukuta ukicheza. Alisimama mlangoni hadi ukaisha. "Hii ni ya nani?" Nikasema ni ya Sifa. Akasema, "Wimbo wa amani kama hii sijawahi kusikia. Redio iko inatafuta nyimbo za amani, weye umekaa nayo hapa."

Ni lazima nieleze kitu kwa wasomaji wa mbali. Katika Kiswahili cha vitabu, mtu ni wangu na kitu ni changu au yangu. Mtu wa Tanzania angesikia neno moja tu na kujua kama Amani ni mtu. Kwa Kiswahili chetu cha Uvira vyote ni yangu: mutoto yangu, nyumba yangu, amani yangu. Trésor alisikia amani ile ambayo sisi wote tulikuwa tunaililia, ile ya milima na barabara, iliyozikwa mara nyingi. Sahani akaifanya kuwa mfano. Mama akamfanya kuwa nchi. Nami nilikuwa nimekaa pale, najua Amani ni nani, najua sahani ni ipi, na kazi yangu ilikuwa kusema sentensi moja tu. Nilisema, "Unafikiri redio wataipenda?" Sifa alikuwa Luberizi wiki zile mbili, kusaidia mama yake mdogo kuvuna mpunga. Nilijiambia kwamba hakuna jina la ukoo ndani ya wimbo, kwamba hakuna atakayejua, kwamba atakaporudi atafurahi. Nikabandika sauti yangu mwanzoni, nikampa Trésor.

Sifa alirudi juu ya pikipiki kutoka Luberizi, na motari alikuwa akiuimba. Hakuja kwangu kwa hasira. Alikuja amepauka, akafunga mlango, akasema, "Yaya Bya, mama akisikia?"

"Watu wanasikia amani ya nchi," nilimwambia. "Hakuna anayejua."

"Mama anajua sahani."

Nilimwambia kwamba Mama Amani hana simu ya kadi, na redio yao imekufa, jambo lililokuwa kweli. Akauliza kama naweza kuurudisha. Nikamwambia hilo haliwezekani, na katika kusema hivyo, Mungu anisamehe, sauti yangu ilikuwa na fahari kidogo.

Kuanzia siku ile aliishi kama mlinzi. Sokoni alikwenda yeye. Kanisani alimkalisha mama yake mbele, mbali na vijana na simu zao, na ibada ikiisha alimshika mkono na kumpitisha njia ya nyuma. Jirani aliyefungua redio dirishani, Sifa alimfuata na kumwomba apunguze, mama anaumwa. Niliwasikia nikiwa uani, nyuma ya ukuta. "Mbona hunipeleke sokoni tena?" aliuliza Mama Amani. "Minye siyo mufungwa." "Jua iko kali, mama." "Jua ya Uvira ilianza leo?" Na mimi, upande huu wa ukuta, nilikuwa na wageni. Redio ilinialika kuzungumza. Mtangazaji alisema sahani ile iko mezani pa Congo, inaingoja amani, nikaitikia kwa kichwa, ingawa redioni kichwa hakionekani. Watu wawili wa shirika moja walikuja kutoka Bukavu, wakapiga picha magodoro yangu. Waliomba kumwona mwimbaji. Niliwaambia ni mtu wa haya. Wakaandika hivyo.

Mwezi wa kumi malaria ilimshika Sifa, akalala siku tatu. Siku ya pili Mama Amani alichukua kikapu akaenda sokoni peke yake. Mengine niliyasikia kwa Trésor, ambaye aliyasimulia kama habari ya kufurahisha. Alisema mama mmoja mrefu alisimama mbele ya kibanda chake wimbo ukicheza, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Irudishe." Akairudisha. Akasema tena, "Irudishe." Mara ya tatu ilipoisha, mama alimshukuru, akaweka kikapu chini kama kitu kisicho chake, akaondoka bila kununua. "Unaona?" Trésor aliniambia. "Hata wazee inawagusa."

Mama Amani alikuja moja kwa moja kwangu, si nyumbani kwake. Nilifungua nikamwona amesimama juani, kilemba kimelegea. Aliingia bila kukaribishwa na kuangalia chumba chote, ukuta kwa ukuta. "Alisimama wapi?" Nikamwonyesha. Alikwenda akasimama pale pale. "Weye ulijua tangu lini?"

"Mwezi wa tatu, mama."

Alihesabu kwa vidole, polepole, hadi mkono wa pili. "Ezekieli alijua. Sifa alijua. Kijana wa nyuma ya nyumba yangu alijua. Soko yote wanaimba." Akavuta pumzi. "Minye mwenyewe njo nilimuzaa, na minye njo wa mwisho kujua." Nilitaka kumwambia kwamba walimficha kwa ajili ya moyo wake. Nilianza hata kusema. Aliinua mkono mmoja na mimi nikanyamaza. "Moyo yangu iko hapa," alisema. "Uliiona ikianguka?" Na kweli hakuanguka. Ule moyo ambao wote tulikuwa tunaulinda kwa uongo ulistahimili. Alitembea mpaka uani kwake, akavua viatu, akakaa chini, na ndipo nikasikia mlio ambao ulipita magodoro, mablanketi na maboksi yote kana kwamba sikuwa nimeweka kitu.

Matanga ya Amani yalifanyika miezi saba baada ya kifo chake. Watu walikuja, Ezekieli alipiga magoti mbele ya shemeji yake na alisamehewa siku ile ile, maana mtu mzima anayedanganya kwa hofu husameheka. Sifa hakusameheka. Nilisikia nikiwa uani, asubuhi moja, vyombo vikioshwa nyuma ya ukuta. Mama Amani alisema bila kupandisha sauti: "Baba mudogo yako alinificha. Lakini weye ulikula chakula yake mbele yangu. Kila siku ya Mungu. Ulikula ukamaliza." Sifa alijibu kwamba ni yeye mwenyewe mama aliyemwambia ale. "Ndiyo," alisema Mama Amani. "Na ukakula." Hakumfukuza. Aliacha tu kumsemesha, na katika nyumba ya watu wawili hilo ni zaidi ya kufukuzwa. Korali ilimwomba aimbe ule wimbo kanisani, akaacha korali. Kabla ya Noeli alipata boti ya kwenda Kalemie, kwa rafiki wa shule aliyekuwa na mgahawa huko.

Nilimsindikiza Kalundu. Hakuniomba; niliona anapita na begi nikalichukua. Bandarini wapagazi walikuwa wakipakia magunia ya saruji, na kwenye redio ya mmoja wao, sitaki kusema kilichokuwa kikicheza. Sifa alisubiri uishe. Kisha aliniuliza kitu kimoja tu. "Ile siku nilikuambia uzime. Mbona hukuzima?" Alikuwa ananitazama vizuri, bila chuki, kama mtu anayeuliza saa ya boti. Kama ningemwambia kweli, labda ningebaki na kitu mkononi. Nilimwambia, "Nilisahau." Akatikisa kichwa taratibu, akachukua begi lake. Mtu mwenye masikio kama yake alijua sauti ikidanganya. Hatukuonana tena. Nilisikia kwamba aliolewa, kwamba alipika vizuri, kwamba watoto wake hawakuwahi kumsikia akiimba hata wimbo wa kulaza mtoto. Mimi wimbo ule ulinipeleka Bukavu. Nina studio sasa, ya kweli, yenye kioo kati ya mwimbaji na mimi, na vijana wanaokuja huniambia walikua na wimbo wa amani. Nimewahi kupokea cheti kwa ajili yake. Kiko kabatini, sikuthubutu kukitupa.

Kimanga imejengwa sana. Nyumba ya mjane imekuwa ya ghorofa, na chumba changu hakipo. Uwanja wa Mama Amani ulijaa viti vya plastiki chini ya turubai, na Trésor alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha mbele. Nilimwambia sikuleta wimbo, kwamba nilisahau mashine. Nimekuwa na jibu hilo moja maisha yangu yote. Hakujali, alikuwa nao kwenye simu, akaunganisha na spika. Ukacheza. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule waliuimba wote, kwa upendo kabisa, na ulipofika kwenye kilio cha mwisho wakainamisha vichwa kama wanaosali. Mama Amani alikuwa kwenye mkeka kati ya wanawake, mwembamba sana, kanga nyeusi begani. Aliyekuwa na moyo mgonjwa ameishi kuliko watoto wake wote wawili. Hakuinua macho. Kisha mzee aliyeongoza maneno akatangaza kwamba tunaye hapa mtu aliyemtoa marehemu, atuambie mawili.

Nikasimama. Kutoka Bukavu njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilikuwa nimeamua kuyasema yote, mbele ya wote: Amani alikuwa nani, nani aliomba nini, nani hakuzima. Niliona nyuso zinaningoja. Nikasema kwamba Sifa alikuwa na kipaji cha pekee, kwamba sauti yake imewafariji wengi katika nchi hii yenye majeraha, kwamba msanii hafi. Walipiga makofi ya msiba, yale ya taratibu. Trésor alikuwa analia.

Nilipokuwa naaga, Mama Amani aliinuka kwa shida, mwanamke mmoja akimshika kiwiko, akanifuata hadi kwenye lango. Nilidhani hanitambui. Nikampa pole kwa mikono miwili, nimeinama. Alinishika vidole kwa muda, mikono yake ikiwa mikavu na ya moto.

"Byamungu," alisema. "Umeongea muzuri."

"Asante, mama."

"Lakini haukusema kitu."

Akaniachia mkono, akageuka, akarudi mkekani kukaa na wenzake.